Pengo la Kiganja Kimoja Juu ya Ukuta

Élisabethville, Katuba, 21 Februari 1954

Kwa kaka yangu mkubwa, yaya Symphorien,

Pokea salamu zangu, za mume wangu Alphonse, na za mvua ambayo imetushika tangu Noeli kama mgeni asiyejua kuaga. Tuko wazima. Alphonse bado ni masoni kwa yule Mzungu anayejenga nyumba mjini. Kutwa anapanga tofali za watu, jioni anarudi kupanga zetu. Mimi naendelea na kushona. Wewe hujambo? Wanafunzi wako wa misheni bado wanaficha embe mbichi chini ya dawati? Tangu mkeo marehemu Simone alipotuacha nakuwaza sana, kula kwako na kulala kwako. Nashukuru Mungu kwamba mama yuko nawe hapo Bukama.

Sasa neno lenyewe. Nina mimba. Usishangilie bado, unajua mbili za kwanza ziliishia wapi. Hii ya tatu inaingia mwezi wa nne na imetulia, lakini mimi situlii. Naamka nikijigusa tumbo. Mungu akitaka, mtoto atakuja mwanzoni mwa Agosti, na nataka mama awe hapa kabla ya siku hiyo. Nimesema nataka, neno la kweli ni naogopa. Mara mbili nililala hospitali bila mkono wa mama, na mara mbili nilirudi mikono mitupu.

Ndiyo sababu Alphonse anajenga chumba kando ya nyumba yetu, ukuta kwa ukuta, chenye mlango wake wa nje, ili mama mkwe wake asipite mbele yake. Kuta zimekwisha na mabati yamepanda wiki hii. Kimebaki kitu kimoja tu: pale ukuta unapokutana na paa kuna pengo la kiganja kimoja, upande hadi upande. Nikisimama sebuleni kwetu naona mwanga wa chumba cha pili. Alphonse anasema ni kazi ya Jumapili moja.

Msomee mama barua hii yote, hasa mahali pa tumbo. Nangoja jibu.

Mdogo wako,
Delphine

*

Bukama, Misheni, 25 Machi 1954

Mdogo wangu mpendwa Delphine,

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya mitihani, na mkaguzi alikuja bila kutuarifu. Unisamehe. Hapa joto limetukalia, mto umejaa, samaki ni wengi hata paka wamechoka. Mama mzima. Anapika mapema, kisha anakaa mlangoni hadi nitoke shule, akiniona tu anaepua sufuria. Simone naye alikuwa akifanya hivyo.

Habari ya tumbo lako imenifurahisha. Nimekuombea kwenye misa.

Juu ya safari, mama anasema hivi. Mama mkwe na mkwe hawalali chini ya paa moja. Chumba kina mlango wake, ni vizuri, lakini pengo hilo ni mlango mwingine. Mkwe akivua viatu, mama atasikia. Mama akikohoa, mkwe atasikia. Na maneno ya mume na mke chumbani mwao, je? Anasema atakufa kwa haya kabla ya kufa kwa uzee. Nadhani unaelewa, wewe umelelewa vizuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo tusiwe na haraka.

Kaka yako,
Symphorien

*

Élisabethville, Katuba, 20 Aprili 1954

Yaya Symphorien,

Pasaka njema, ingawa imepita juzi tu. Tulikwenda misa na viatu mkononi, njia ilikuwa tope. Tumbo limeanza kuonekana. Wamama wa kwenye bomba la maji wameacha kunisalimia uso, wanasalimia tumbo.

Umeniletea methali ya mwalimu. Hapa ukuta tumeshaujenga, ufa ndio uliokuwa umebaki. Lakini mama amesema kweli na nimeona aibu kwamba mimi sikuliwaza. Nilimwambia Alphonse. Akatazama juu, na jioni hiyohiyo akaenda na toroli kuchimba udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaoshika kama simenti. Mimi nilikata nyasi kando ya mto Naviundu na jirani yangu Wivine. Alphonse amekanyaga udongo na nyasi pamoja, akajaza pengo lote, akashindilia kwa ngumi hadi udongo ukagusa bati, kisha akaulainisha kwa mwiko wake wa uashi. Hakuna mwanga tena. Ukiona kazi hiyo utasema ni ukuta uliozaliwa na paa lake.

Mwambie mama haya yake imezibwa. Aje Mei, kabla ya baridi. Niandikie ni treni ya siku gani, tumfuate kituoni. Nimemshonea blauzi ya mikono mirefu.

Na uniambie amesema nini juu ya tumbo. Katika barua yako ameongea juu ya viatu vya Alphonse na hakuuliza hata kama natapika.

Delphine wako

*

Bukama, Misheni, 18 Mei 1954

Mdogo wangu Delphine,

Salamu. Sisi tuko salama. Nilipata homa kidogo, mama akanikandia majani na nikapona kwa siku mbili. Bila yeye sijui nani angenipa maji.

Mama anafurahi juu ya tumbo, anasema usinyanyue ndoo. Anamshukuru Alphonse kwa udongo. Lakini anasema Élisabethville mwezi wa Juni baridi inauma, asubuhi majani yana nywele nyeupe, na bati ni kitu cha baridi kuliko nyasi. Kifua chake unakijua. Anauliza pia kama udongo huo utadumu, maana alivyosikia, bati halikai kimya.

Pengine ni bora akae huku hadi Septemba, joto likirudi. Mtoto atakuwa ameshazaliwa na mama ataona mtoto mzima, si mashaka. Hospitali yenu ina masista wazuri.

Kaka yako,
Symphorien

*

Élisabethville, Katuba, 7 Juni 1954

Yaya,

Salamu nyingi. Hapa tunalala na makoti. Mtoto anapiga teke, na anapenda kupiga wakati wa kanuni ya imani, sijui atakuwa mpagani au padri.

Septemba, yaya? Septemba nitamhitaji mama anifanyie nini? Nilisoma mstari huo nikakaa chini. Ni mwezi wa nane ninaouogopa.

Lakini ngoja nikuambie kwanza jambo la bati, maana mama alisema kweli tena, sijui nani amemfundisha ujenzi. Udongo wa Alphonse umepasuka. Mchana jua likipiga, bati linatanuka na kulia. Asubuhi baridi ikija, linajikunja. Udongo haukujua kucheza nalo. Wiki tatu tu, tukaona uzi wa mwanga, kisha nyufa za kuingiza kidole. Tena alfajiri bati linatoa jasho, maji yanashuka kwenye udongo, ukuta wa ndani ukaota ukungu. Alphonse alikasirika hadi akakataa ugali. Yeye ni masoni, yaya. Kazi yake kila siku inaishia kichwa cha ukuta, ya juu ni ya maseremala, na kwa Wazungu hajawahi kuinua macho kuona wanafanya nini pale. Alifunga paa kama anavyofunga tofali.

Nikamlazimisha kumwita mzee Kalaba, seremala wa upande wa Kampemba. Akapanda ngazi, akachungulia, akacheka bila meno. Akasema, "Munafunga bati sawa mufungwa. Bati iko na pumuzi yake. Muache ipumue, mufunge ukuta tu."

Wakaubomoa udongo wote. Kalaba akapiga ubao chini ya miti ya paa, urefu wote wa ukuta, usioligusa bati. Kati ya ubao na ukuta wakasukuma magunia yaliyoshonwa kama mito, yenye nyasi kavu zilizotikiswa na chokaa ili mchwa wasiyapende. Magunia nimeyashona mimi, kumi na moja, tumbo likinizuia kuona sindano. Udongo umerudi kwa upande wa ukuta tu. Juu, bati linapopandana na ukuta wa nyumba ya zamani, Alphonse amechonga mfereji kwenye tofali akaingiza ukanda wa bati, jasho na mvua vimwagike nje. Chini ya paa tumetandaza dari ya mikeka ya matete. Asubuhi kikombe cha maji kwangu kinauma meno, kwenye chumba hicho hakiumi.

Na sauti tumeipima. Alphonse aliingia chumbani mwa mama akafunga mlango. Mimi nilisimama sebuleni nikamtukana. Nilimwita mvivu, nikamwita mbuzi wa padri, nikapiga sufuria. Akatoka baada ya muda akauliza kwa upole, "Unaanza saa ngapi?"

Basi haya imezibwa, baridi imezibwa, maji yamezibwa. Sijui tena la kuziba. Yaya, mama ana neno gani lingine? Kama ni mimi niliyemkosea, aseme. Sijazoea mama anayeongea nami kama karani wa ofisi.

Delphine

*

Bukama, Misheni, 28 Juni 1954

Mdogo wangu,

Salamu. Kazi ni nyingi, mwisho wa mwaka wa shule umefika. Mama bado anafikiri. Nitakuandikia.

Symphorien

*

Élisabethville, Katuba, 5 Julai 1954

Symphorien,

Leo sina salamu ndefu.

Zéphirin, yule mtu wa treni, mwana wa jirani zetu wa zamani, alipita hapa jana Jumapili na kapu la samaki wakavu. Alisema ametumwa na mama. Nikafurahi, nikamwuliza mama amesema atakuja lini. Akanitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Akasema mama alimshika mkono kituoni Bukama akamwuliza hivi, nami nayaandika kama alivyoyatoa: "Delphine iko muzima kweli? Miezi na miezi barua yake ni salamu tu. Batoto bangu banaficha kitu. Ule mutoto wangu kama iko na tumbo, angalieni asinifiche tena, asilie peke yake."

Kama ana tumbo, yaya.

Mama hajui kusoma. Sisi wote tunajua hajui kusoma. Macho yake ni wewe. Nilikuandikia mahali pa tumbo msomee, ukaniandikia mama anafurahi, usinyanyue ndoo. Nani alisema usinyanyue ndoo? Nani alikufa kwa haya ya viatu vya Alphonse? Mume wangu amejenga, amebomoa, amejenga tena, kwa kumheshimu mama mkwe ambaye hakuwahi kusema neno. Mimi nimeshona magunia kumi na moja kwa ajili ya maneno yako.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ilikuwa ndefu vya kutosha kunifikisha mwezi wa mwisho. Nimebakiza wiki nne. Nimekasirika na ninaogopa, na sijui lipi linamtikisa mtoto zaidi.

Zéphirin anarudi Bukama na treni ya kesho, anabeba barua hii mkononi. Nimemwambia asikuachie hadi uifungue mbele yake.

Delphine

*

Bukama, Misheni, 12 Julai 1954

Mdogo wangu Delphine,

Zéphirin alisimama mlangoni hadi nikafungua. Nilisoma nikiwa nimesimama, na mama yuko pale akipepeta mchele. Akauliza, "Ni Delphine? Anasema nini?" Ndipo nikakaa.

Nitakuambia nilivyofanya. Barua yako ya kwanza ilipofika nilimsomea salamu. Nilipofika kwenye tumbo nikaona mstari wa chini unaosema aje, na ulimi ukaruka wenyewe. Nikasoma mwisho. Nikajiambia nitamsomea kesho. Mama aliniuliza, "Ni hivyo tu? Karatasi mbili, maneno matatu?" Nikadanganya kwamba umeandika kwa Kifaransa, nacho kinachukua nafasi. Tangu hapo kila barua ni hivyo, salamu, kuruka, mwisho, na kila mara anauliza, ni hivyo tu. Hoja nilizitunga mimi usiku wa kusahihisha madaftari. Ya ukwe nilijua itawauma, ndiyo sababu niliichagua. Ya bati nilisoma kwenye jarida la mapadri.

Sikutaka ubaya, lakini ubaya haungoji utakiwe. Simone alipokufa nilirudi kutoka makaburini nikakuta sufuria yake bado ina maji ya asubuhi. Miezi mitatu nilikula kwa jirani ili nisifungue mlango wangu. Kisha mama akaja kutoka kijijini, nyumba ikawa na moshi tena. Kila pengo mlilolifunga huko, mimi nilisikia mlango wangu ukifungwa huku. Ndivyo nilivyokuwa, mwalimu mzima wa miaka thelathini na minane.

Jana nimemsomea zote, moja baada ya nyingine, bila kuruka. Hakunipigia kelele. Alinyanyuka akafunga nguo zake kwenye kitambaa, akaniuliza treni ni lini.

Anapanda Alhamisi, Zéphirin yuko naye. Mfuateni kituoni Jumamosi. Mimi siji. Sina uso wa kumtazama Alphonse.

Symphorien

*

Élisabethville, Katuba, 29 Agosti 1954

Yaya Symphorien,

Salamu kutoka kwa watu wanne, maana sasa tuko wanne. Mtoto alizaliwa tarehe tatu, wa kike, analia vizuri. Tumemwita Albertine kwa jina la mama. Mama hakuachia mkono wangu hata sista alipomwambia atoke. Alijifanya hajui Kifaransa wala Kiswahili. Nilimtazama mtoto akifungua kinywa, nikalia hadi nikawa na aibu.

Alphonse anakusalimu. Ni yeye aliyesema niandike hilo, sijalitia mimi.

Chumba ni kizuri mno, yaya, na hapo ndipo tulipokosea tena. Siku za kwanza nyumbani mtoto alilia sana usiku. Mimi nilikuwa dhaifu, nikamwita mama. Mama haji. Nikaita tena. Asubuhi akaja amelala vizuri, uso laini, akaniona nilivyo, akauliza, "Mbona haukuniita?" Nikamwambia niliita, mama. Akatazama ukuta, akatazama juu.

Alphonse alipokwenda kazini nikasikia kishindo upande wa pili. Nilizunguka nje nikamkuta mama amepindua kinu, amepanda juu yake na umri wake wote, ameshika mchi, anachokoa gunia langu la saba. Nyasi zimemjaa kichwani, chokaa imempaka pua. Nikasema, mama, haya je, baridi je? Akajibu bila kugeuka: "Haya iko mu macho na mu kinywa. Masikio ya bibi ni ya mutoto."

Jioni Alphonse akakuta nyasi sakafuni. Niliogopa kwa ajili ya mume wangu, kazi ya miezi minne. Mama alikuwa ndani ya chumba chake, kwa adabu yote, hajamwona na hajaonwa. Kisha kupitia tundu tukasikia sauti yake ikisema na mtoto mchanga aliye mikononi mwangu, jinsi wakwe wanavyosema wanapotaka mtu mwingine asikie: "Albertine, mwambie baba yako amejenga vizuri. Hakuna mukwe ameniheshimu hivi. Mwambie hapa tu aniachie." Alphonse alijibu kwa kumwambia mtoto pia kwamba amesikia. Siku ya pili akatengeneza kimto kidogo cha nyasi chenye kamba, ukubwa wa mkate. Baridi ikizidi mama anakivuta kuziba, mtoto akilia anakivuta kufungua. Siku nyingi kimefunguliwa.

Sasa jambo lako. Mama aliniomba nimsomee barua zako zote, alitaka kusikia alichokuwa akisema. Kila nilipofika "mama anasema" alicheka hadi akashika ubavu. Nilipofika kwenye sufuria ya Simone akaacha kucheka. Kisha akasema niandike hivi. Hana hasira kwa maneno uliyomtia kinywani, mengine yalikuwa na akili kuliko yake. Hasira yake ni kwamba mlikaa nyumba moja, sahani moja, na hukumwambia unaiogopa nyumba tupu. Angekuja kwangu, na angerudi kwako. Atarudi mtoto akianza kutambaa.

Na barua hii, anasema, isome kwa sauti kama ulivyokuwa ukimsomea. Katikati pia.

Delphine

*

Bukama, Misheni, 13 Septemba 1954

Mdogo wangu Delphine,

Joto limerudi, na mahindi ya mwisho tumeyavuna. Nakula nyumbani. Napika vibaya, lakini napika. Likizo ya Noeli nitapanda treni, na nitamwomba Alphonse msamaha kwa kinywa changu, si kwa karatasi. Mwambie asinifunikie pengo kwa ajili ya adabu. Mbusu Albertine mdogo, na mpe mkono Albertine mkubwa.

Nimesoma kwa sauti. Nilikaa kwenye kigoda cha mama mlangoni, watoto wa shule wakipita, wakafikiri mwalimu ameanza kuongea peke yake. Nilipofika kwenye sufuria ya Simone macho yalikwenda yenyewe kutafuta mstari wa mwisho. Niliyarudisha, nikausoma mstari ule na uliofuata, yote, hadi jina lako. Kisha nikakunja karatasi, nikangoja aniulize kama ni hivyo tu.

Symphorien